Siku Niliyosema Mshumaa Unawaka

Vijana wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya sala, mmeniomba kurasa chache juu ya namna Mungu alivyonifundisha katika kazi yangu. Nadhani aliyetoa wazo hilo hakuuliza kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini. Nilichimba vyoo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichimba mashimo ya vyoo katika mji huu wa Goma, na kama mmewahi kujisaidia Katindo, Himbi, Ndosho au Mugunga, inawezekana kabisa mmenifaidi bila kunishukuru. Silalamiki. Choo hakiwekewi jiwe la msingi, wala mkubwa haji kukata utepe siku ya kukifungua.

Mtu wa mbali atauliza kuchimba shimo kuna ugumu gani. Nami niliuliza hivyo hivyo nilipofika hapa nikiwa kijana kutoka Butembo, ambako udongo ni mwekundu, laini, na mwanamume mwenye afya anamaliza shimo la choo kwa siku tatu akiwa bado anaimba. Nilikuja na jembe. Nililibeba begani kutoka nyumbani, jembe jipya lenye mpini nilioulainisha mwenyewe, na asubuhi yangu ya kwanza kazini nikalisimamisha mbele ya Muzee Sebahire, mtu wa Kibumba aliyekuwa mkubwa wa wachimbaji upande wetu. Alilitazama jembe, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Unakuja kupanda nini hapa?"

Goma imekaa juu ya volkano iliyoganda. Lava imeshuka mara tatu maishani mwangu, na kila iliposhuka ilituachia tabaka jingine la mawe juu ya yale ya zamani. Jembe langu lilipiga mara moja, likatoa cheche, likapinda. Muzee alinipa baramini, kile chuma kirefu kizito cha kutobolea mwamba, na burini, yaani patasi ya kukatia jiwe, na nyundo ya kilo tano. Jembe lilibaki kwenye ukuta wa nyumba yake mpaka mke wake alipolichukua kupalilia mboga zake.

Nitawaambia machache ya kazi, maana siku hizi kijana anakuja na mashine ya kupasulia mawe na jenereta, anapiga kelele mtaa mzima, jioni shimo limekwisha na yeye bado hajui alikuwa anachimba nini. Sisi tulianza kwa kusikiliza. Unapiga mwamba kwa kitako cha baramini, hatua moja, hatua nyingine, ukizunguka parseli nzima, kiwanja chote cha mtu. Mahali pengine jiwe linajibu kwa sauti nzito, fupi, na hapo ujue ni mwamba mnene, utatoa jasho. Mahali pengine linajibu kama sufuria tupu. Hapo chini kuna pango ambalo lava ililiacha ilipokuwa inapita, na ukilipata una bahati, nusu ya shimo imekwisha kuchimbwa kabla hujazaliwa. Lakini ukilipata bila kulitafuta, unatumbukia ndani yake pamoja na baramini yako.

Ukishapata mahali, hupigi jiwe katikati. Unatafuta ufa, hata wa unene wa unywele, unaweka burini hapo, unapiga taratibu, unamwaga maji kidogo, unapiga tena. Ukishindwa kuona ufa, mwaga maji juu ya jiwe safi kisha ungoje likauke. Penye ufa ndipo panapokauka mwisho. Na usisimame chini ya bidoni, lile dumu la kupandishia mawe. Hilo nililijua kwa bega langu la kulia.

Sasa nije kwenye mambo ya Mungu, maana ndiyo mliyoomba.

Shirika letu lilikutana kila Alhamisi alasiri, kama linavyokutana hadi leo, na desturi ilikuwa kila mmoja aseme Mungu amemwambia nini katika wiki hiyo. Wengi walisema kwa kifupi: mtoto amepona, bei ya maharagwe imepanda, tumshukuru Mungu kwa yote. Mimi niligundua kwamba nina kipaji. Kila kilichonipata shimoni kilikuwa na somo. Ufa uliokauka mwisho ulikuwa dhambi iliyofichika. Tabaka la mwamba gumu juu na laini chini lilikuwa moyo wa mwanadamu. Burini butu ilikuwa sala ya mtu mvivu. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali, mama wawili watatu walisema "amina" kwa sauti ya chini, na mimi nikaenda nyumbani nikitembea kwa heshima. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa sifanyi kazi tena bila kutafuta neno la kusema Alhamisi.

Muhindo, mwenzangu wa kazi, ndiye aliyenipa jina la Padri wa Choo. Alikuwa mtu wa Beni, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na hakuwa mwepesi wa maneno. Alikuwa na tabia ya kusafisha chombo cha mwenzake kabla ya chake. Tulianza kazi pamoja kwa Muzee, na Muzee aliporudi Kibumba kuzeekea kwenye viazi vyake, tukabaki wawili.

Kuna siku mbuzi wa jirani alitumbukia kwenye shimo letu pale Ndosho. Halikuwa refu bado, mbuzi alikuwa mzima, akilia na kutukodolea macho. Mwenye mbuzi alikuja mbio, na mimi, badala ya kushuka, nikaanza kumweleza kwamba mbuzi huyu ni sisi sote tunaoacha njia na kufuata majani. Yule mama alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipovuta pumzi, kisha akaniomba nimtoe kwanza mbuzi wake, atarudi kusikiliza baadaye. Muhindo alikuwa ameshashuka. Nilicheka pamoja nao, lakini Alhamisi nilimtumia yule mbuzi vilevile, na sehemu ya mama yule sikuisema.

Nawaona ninyi nanyi kwenye simu zenu. Kila asubuhi napokea kutoka kwenu picha ya mvua, ya barabara, ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopasuka gurudumu, na chini yake maneno kwamba Mungu anatufundisha hiki na kile. Sisemi ni vibaya. Mimi nilifanya hivyo kabla simu hazijaja. Nasema tu kwamba nimejua gharama yake, na sasa nitawaeleza.

Upande wa Kyeshero na Mugunga kuna mazuku. Mliozaliwa huko mnajua, wengine nitawaeleza. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini, kwenye mabonde madogo na mashimo. Haina rangi wala harufu inayoweza kukuonya. Asubuhi, kabla jua na upepo havijaitawanya, ndipo inapokuwa nzito zaidi. Utakuta ndege wamelala bondeni, au mjusi, au kuku wa mtu, bila jeraha lolote, wamekufa. Mtu akiingia anasikia usingizi kidogo, magoti yanalegea, basi.

Muzee Sebahire alikuwa na sheria kwa ajili ya mazuku, na hakuwa na mzaha nayo. Kila asubuhi, kabla ya mtu kutia mguu shimoni, unawasha mshumaa, buji kama tunavyosema hapa, unauweka ndani ya kopo lililofungwa kamba, unaushusha polepole hadi chini. Unahesabu mpaka mia mbili. Ukiendelea kuwaka, shuka. Ukizimika, kaa juu, ngoja jua lipande na upepo uamke, kisha jaribu tena. Ukizimika mara ya pili, funga vyombo uende nyumbani. Pia anayeshuka hufungwa kamba kifuani, chini ya makwapa, na hataifungua akiwa chini hata kwa dakika moja. Niliwahi kumuuliza Muzee kama asingeona vizuri tukisali kabla ya kushuka, badala ya kupoteza nusu saa na kopo. Alinijibu kwamba nisali kadiri ninavyotaka wakati nahesabu.

Sasa sikilizeni wiki ile ilivyokuwa. Tulikuwa na shimo Kyeshero, katika parseli ya mtu aliyekuwa anajiandaa kupokea wageni wa arusi ya binti yake. Tulikuwa tumefika meta nne, ilibaki moja. Kazi ilikuwa imechelewa kwa sababu ya mwamba, na mwenye nyumba alikuja kila siku kusimama ukingoni na kusonya. Alhamisi nilikwenda kwenye shirika. Somo lilihusu imani. Nami nilizungumza vizuri kuliko siku zote. Nilisema kwamba anayemtegemea Mungu haombi ishara, na kwamba sisi wachimbaji tunaujua woga wa shimo, lakini aliye na imani hushuka. Katekista mwenyewe alinishika mkono baada ya kikao. Nakumbuka nililala usingizi mzuri.

Ijumaa asubuhi niliushusha mshumaa. Muhindo alikuwa nyuma ya ukuta, ananoa burini zangu. Nilihesabu hadi thelathini hivi na mwanga ukatoweka. Nilivuta kopo, nikajiambia ni upepo, ingawa hakukuwa na upepo. Niliwasha tena, nikashusha. Safari hii ulizimika kabla kopo halijagusa chini.

Nilisimama pale nikilitazama kopo. Nataka mjue vizuri nilichofikiri, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya juu yake. Sikufikiri juu ya mazuku. Nilifikiri juu ya Alhamisi. Nilijiona nikiwaambia watu kwamba siku moja tu baada ya kuzungumza juu ya imani, Mungu aliizima taa yangu ili aone kama maneno yangu ni ya kweli. Lilikuwa somo zuri, tayari lilikuwa na mwanzo na mwisho. Na sauti nyingine ndogo ilikuwa inanikumbusha mwenye nyumba na arusi yake. Zote mbili zilitaka jambo moja.

Muhindo alitokea nyuma ya ukuta akifuta mikono. "Buji inawaka?" akauliza.

"Inawaka," nikasema.

Ilikuwa zamu yake kushuka. Kama ingekuwa yangu, labda ningeshuka mimi kwa imani ile ile, na mtu mwingine angewaandikia leo. Au labda ningengoja jua. Hilo silijui, na nimejiuliza mara nyingi. Alijifunga kamba, akanipa ncha yake, akashika ngazi. Aliposhuka vidato vya mwisho nilimwona akitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Kisha mikono ikaachia. Alianguka upande, mkono wa kushoto ukiwa chini yake, na nilisikia mfupa.

Nilivuta. Muhindo alikuwa mfupi, lakini mtu aliyezimia ana uzito mwingine. Kamba ilinikata viganja na yeye hakuja. Nilipiga kelele. Mama wawili waliokuwa wanapita na bidoni za maji walizitupa chini, na mtu mmoja wa chukudu, aliyekuwa amebeba makaa, aliiacha barabarani na kuruka uzio wa mawe. Sisi wanne tulimtoa. Tulimpeleka mahali pa juu penye upepo, uso wake ukiwa na rangi ya majivu. Mtu wa chukudu alimpiga mgongoni na kumgeuza kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti nikisema sala zote nilizozijua, nyingine katikati, nyingine mara mbili. Baada ya muda, siwezi kusema mrefu kiasi gani, alikohoa akatapika.

Alivunjika mkono juu ya kiwiko. Wiki nzima kichwa kilimuuma mpaka hakuweza kuvumilia mwanga wa mchana, na miezi mitatu hakushika nyundo. Alipopata fahamu pale pale kwenye majani, aliniona nikilia, akanishika goti kwa mkono mzima kunituliza.

Mnaweza kudhani kwamba niliona aibu na nikanyamaza. Hapana. Jumapili ya pili yake nilisimama kanisani baada ya komunyo, nikashuhudia. Nilisema jinsi hewa ya mauti ilivyomnyakua ndugu yangu, jinsi nilivyomwita Bwana, jinsi alivyonitumia malaika watatu, wawili wenye bidoni na mmoja mwenye chukudu. Watu walicheka pale, kisha wakalia, kisha wakapiga makofi. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Mshumaa sikuutaja. Muhindo alikuwa ameketi benchi ya tatu, mkono umefungwa kwa kitambaa cha mke wake, na alikuwa anapiga makofi kwa kujigonga paja.

Mke wake, Mama Kanyere, alikuja kwangu jioni na samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, wale wakubwa, waliofungwa kwenye majani ya ndizi. Alisema asingekuwa na mume leo bila mimi. Niliwapokea samaki. Niliwala pia, na sitawadanganya, walikuwa watamu.

Mama Kanyere alikuwa na mimba wakati ule. Alijifungua mtoto wa kiume, na walipokuja kunitangazia walikuja wote wawili, wamevaa vizuri. Walitaka niwe baba wa ubatizo. Na walitaka mtoto abatizwe kwa jina langu, aitwe Diedone. Muhindo, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema maneno mengi siku hiyo. Alisema mtoto huyu asingemjua baba yake kama nisingekuwa pale juu. Nilijibu kwamba nimeheshimiwa. Mke wangu alileta chai, tukanywa, wakaondoka, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti kile mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Ubatizo ulipangwa baada ya wiki tatu. Nilizipitisha vibaya. Nilijaribu kile nilichojua kufanya, yaani kutafuta somo. Nilijiambia kwamba Mungu ametumia hata kosa langu kuleta furaha katika nyumba ile. Nilijiambia kwamba ukweli utawaumiza bure, na upendo hufunika mambo. Nilikuwa na masomo manne au matano, yote mazuri, yote yangefaa Alhamisi. Hapo ndipo nilipoanza kukiogopa kipaji changu, maana niliona kinaweza kunitolea lolote ninalolitaka.

Nilikwenda kuungama. Padri alikuwa kijana, mdogo kwangu sana. Nilimweleza nikizunguka, akaniuliza moja kwa moja mshumaa ulisemaje. Nikasema ulizimika. Akauliza nilimwambia nini mwenzangu. Nikasema. Alinipa maondoleo, kisha akaniambia kwamba upande wa Mungu umekwisha, lakini Muhindo hakukosewa mbinguni, amekosewa Kyeshero, kwa hiyo niende kwake kabla ya ubatizo.

Nilikwenda Jumatano, mchana. Mama Kanyere alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, mtoto amelala mgongoni. Muhindo alikuwa anajaribu mkono wake kwa kubeba bidoni ndogo ya maji kwenda na kurudi. Niliketi nikasema yote. Nilisema ulizimika, nikawasha, ukazimika, na nikasema unawaka. Nilieleza habari ya Alhamisi pia, na ya mwenye nyumba. Sikuweka mfano wowote ndani yake. Ilichukua muda mfupi sana. Kwenye shirika nilikuwa naweza kuzungumza nusu saa juu ya burini.

Mama Kanyere hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliuliza, "Ilizimika mara ngapi?"

"Mara mbili," nikasema.

Aliusukuma ungo pembeni, akasimama, akaingia ndani na mtoto. Muhindo alikuwa bado ameshika bidoni. Aliiweka chini, akatazama mkono wake kwa muda, akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akasema basi niende.

Mtoto alibatizwa kwa jina lingine, na aliyesimama kama baba wa ubatizo ni yule mtu wa chukudu. Nilikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango. Alhamisi iliyofuata zamu yangu ilipofika kwenye shirika nilisimama nikawaeleza kilichotokea Kyeshero, hivyo hivyo kama nilivyomweleza Muhindo. Hakuna aliyesema amina. Katekista alikohoa, akamwita mwingine. Nilipotoka nje niliona watu wanaharakisha kufunga viatu. Niliumia, nami nilistahili. Mama mmoja tu alinisubiri, yule yule wa mbuzi wa Ndosho, aliyekuwa amejiunga na shirika baadaye, akatembea nami mpaka njia panda akiongea habari za mvua, na siku hiyo niliona amenipa kitu kikubwa.

Miezi miwili Muhindo hakuja kazini. Nilichimba na watu wengine, na kila asubuhi niliwaita waje waone mshumaa kwa macho yao wenyewe, kwa sababu sikutaka mtu ategemee neno langu. Na niliendelea kuona masomo. Jicho likishazoea haliachi. Lakini nilijiwekea utaratibu, na huu ndio ninaoweza kuwapa ninyi kwa sababu nimeutumia. Kwanza nauliza kitu chenyewe kinasema nini. Mshumaa uliozimika unasema chini hakuna hewa. Mbuzi shimoni anasema atolewe. Nafanya kile kinachotakiwa kufanywa. Baadaye, kama bado lipo somo, na kama linaniuma mimi kabla ya kumgusa mwingine, nalichukua. Mara nyingi linakuwa dogo, la kusema kwa sentensi moja. Alhamisi zangu zikawa fupi, na nadhani watu walifurahi.

Kisha siku moja nilikuwa Kituku, asubuhi mitumbwi ilipokuwa inaingia, nikinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili ya nyumbani. Muhindo alikuja akasimama karibu yangu. Alichagua samaki wake bila haraka, akiwageuza kwa kidole, na mimi nikageuza wangu. Mkono wake ulikuwa umeunga, umepinda kidogo. Muuzaji alitufungia, tukatoka pamoja juu ya mawe kuelekea barabarani, na hapo akasimama.

"Papa Diedone," akasema, "nilishakusamehe. Niko nasema kweli, mbele ya Mungu. Lakini mu shimo sitashuka tena kama wewe uko juu."

Nilimwambia nimesikia. Akaniuliza shimo letu la sasa liko wapi, nikamwelekeza.

Jumatatu alikuja, akachukua burini yangu akaanza kuinoa. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa zaidi, na mtoto wake alikuwa akituletea chakula akinisalimu kwa mikono miwili kama anavyomsalimu baba yake. Kila siku ya miaka hiyo niliyeshuka nilikuwa mimi, hata magoti yalipoanza kukataa, na Muhindo alikaa juu. Maneno yake yote mawili aliyashika mpaka siku tulipoacha kazi.